Inchi Saba za Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa mtu mfupi, na ufupi huo haukuwahi kumsumbua hata siku moja mpaka alipofika miaka hamsini na minne. Kazi ya kuchanja kuku na kukimbizana na mbuzi haitaki urefu. Mtu mrefu banda la kuku humtesa: huingia ameinama na kutoka ameshika kiuno. Yeye aliingia wima kama mwenye nyumba, akatoka wima, na kuku wakamwona mtu wa kawaida.

Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka vijijini na pikipiki ndogo ya ofisi, iliyokuwa nyekundu zamani na sasa imefifia ikawa rangi ya tofali. Watu wote waliiita Mbuzi. Ilipata jina hilo kwa sababu ilipanda popote, ilikuwa na sauti ya kulalamika, na ikichoka ilisimama tu, usukume usisukume, mpaka yenyewe iamue. Hapo Bwana Mifugo alitoa plagi, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, na safari ikaendelea. Mbuzi alipoanguka, alimwinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili umekumbatia boksi la chanjo. Hakuna aliyehesabu mianguko hiyo, maana haikuwa habari.

Sasa mtu mwenye chombo chema namna hiyo alikuwa anatamani nini tena? Ilikuwa kalenda. Kalenda ilining'inia ukutani pale ofisini, juu ya friji ya dawa, na ilikuwa na picha ya pikipiki kubwa inavuka mto. Maji yameruka pande zote mbili kama mabawa, nyuma kuna milima, na mpanda pikipiki amesimama juu ya vikanyagio kama mtu anayeangalia shamba lake. Mwaka wa kalenda ulikwisha, ikabaki. Wadudu walikula miezi, picha ikabaki. Na kila mwanzo wa mwaka, kwa miaka saba, Bwana Mifugo aliandika barua kwa heshima na taadhima, akieleza kwamba kazi ya mifugo ni kazi ya porini, na pikipiki ya aina ile, kama picha inavyoonyesha wazi, imezaliwa porini.

Hakuwa amewahi kuikalia hata moja. Jambo hilo hakuliandika kwenye barua, na hakuna aliyemuuliza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na daftari gumu lenye vipimo vya watu wa mtaa mzima. Mumewe alikuwa ukurasa wa kwanza. Kipimo cha kiuno kilikuwa kimekatwa na kuandikwa upya mara tano. Kipimo cha mguu wa ndani, inchi ishirini na saba, hakijaguswa tangu waoane.

Mwaka wa nane akaja Mkuu mpya, kijana, mrefu, mwenye tai, anayependa vitu vipya. Akalisoma jalada la zamani mpaka ukurasa wa mwisho, akazikuta barua saba, na badala ya kucheka akaona kwamba hapa kuna mtumishi mwenye maono. Akaiombea ofisi pikipiki ile makao makuu, akaipata.

Ilishushwa kwenye lori Alhamisi moja asubuhi, bado ina mifuko ya plastiki. Bwana Mifugo aliizunguka mara tatu. Ilikuwa na mdomo mbele kama wa bata, kioo cha kukinga upepo, masanduku ya bati ubavuni, bamba la chuma la kulinda injini chini, na taa mbili zinazokodoa. Tangi lilimfika kifuani. Ofisi nzima ilitoka nje, na mtaa ukaja. Mkewe naye akaja, tepu ya kupimia shingoni kama kawaida yake, maana ile tepu alikwenda nayo hata sokoni.

Hakuna aliyemwomba. Aliinama, akaweka tepu chini kwenye udongo, akaivuta mpaka kwenye kiti, akasoma.

"Thelathini na nne," alisema. "Na wewe ni ishirini na saba."

Bwana Mifugo akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu akikaa, kiti hushuka kidogo.

"Inchi saba, baba watoto. Suruali naweza kupunguza. Mguu siwezi kuongeza."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao ili wasione kwamba limempata. Mkewe akakunja tepu yake. Kabla hajaondoka akaitazama tena ile pikipiki kuanzia mdomo mpaka mkia, akasema hata ngamia, pamoja na urefu wake wote, hupiga magoti mtu apande. Hili halina hata adabu hiyo. Kuanzia siku ile pikipiki ya picha ikaitwa Ngamia, na hakuna barua ya ofisi iliyoweza kulifuta jina hilo.

Mkuu alitoa hotuba fupi. Ngamia, ambaye yeye alimwita chombo, angejaribiwa miezi mitatu. Mwishoni Bwana Mifugo angejaza fomu yenye swali moja: Je, chombo kinafaa kwa njia zisizo za barabara? Ndiyo. Hapana. Kata isiyohusika. Akikata Hapana, Ndiyo ikabaki, vituo vingine vitano navyo vingepewa pikipiki za aina hiyo, na zile ndogo za zamani zote zingepigwa mnada. Wakamsukuma Mbuzi stoo, wakamfunika kwa magunia ya pumba, na kwenye usukani wake wakafunga karatasi iliyoandikwa "Mnada". Bwana Mifugo aliitazama karatasi ile kidogo, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyekutana njiani na rafiki aliyemsema vibaya.

Akapanda Ngamia kutoka ngazi ya tatu ya ofisi. Injini ilinguruma kwa upole, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza na wakubwa. Akaondoka vizuri kabisa. Watu walipiga makofi. Akafika mwisho wa barabara, akageuza vizuri, akarudi, na akiwa hatua kumi kutoka ofisini ndipo alipogundua kwamba hajui atasimamaje. Miguu haikufika chini. Akapita, akipunga mkono. Akazunguka ofisi mara ya pili, akipunga mkono. Mara ya tatu watu walianza kusema kwamba sasa mzee anaringa. Mkewe peke yake ndiye aliyeelewa, akawaambia waliosimama kwenye ngazi wapishe. Ngamia akaja polepole, akaegemea ngazi ya tatu, akatulia.

"Inakwenda vizuri sana," Bwana Mifugo alimwambia Mkuu, na huo haukuwa uongo.

Tena tuitendee haki, maana mwenyewe aliitendea haki mpaka mwisho. Kwenye barabara kubwa ya changarawe, ile iendayo mbali, Ngamia alikuwa raha tupu. Mashimo yaliyokuwa yakimtikisa Mbuzi mpaka meno ya mpandaji yagongane, Ngamia aliyapita kama anayasikia kwa mbali. Safari ya saa mbili ikawa dakika hamsini. Upepo haukumpiga kifuani, mgongo haukumuuma, chanjo ilikaa baridi kwenye sanduku lake. Wiki ya kwanza alifika kituo cha mbali kuliko vyote akiwa bado na hamu ya kuimba.

Shida ilianza barabara ilipokwisha. Na kuku hawakai barabarani.

Kufika kwa watu wenye kuku ni lazima uache changarawe uingie njia ya miguu, na njia ya miguu ina upana wa miguu. Masanduku ya bati yalikwaruza michongoma kushoto na kulia. Kwenye kona ya mgomba wa kwanza Ngamia hakukunja. Alikwenda mbele, mgomba ukalala. Na kwenye ule udongo mwekundu, mvua ikinyesha kidogo tu, tairi zake nzuri zenye michoro laini zilijaa tope zikawa kama vipande vya sabuni. Alikuwa na kilo mia mbili na thelathini. Bwana Mifugo, na viatu vyake, alikuwa na kilo hamsini na nane. Ngamia alipoamua kulala alilala taratibu, bila kelele, kama mzee anayekaa kitini, na mpandaji wake alikuwa na muda wa kutosha wa kushuka na kusimama kando akitazama. Kumwinua kulitaka wanaume wanne. Kwenye daftari la safari Bwana Mifugo aliandika: "Nilipumzika kidogo."

Lakini kuanguka kulikuwa nusu ya taabu. Taabu yenyewe ilikuwa kupanda. Popote aliposhuka ilimbidi pawe na kitu cha kukanyagia ili apande tena, na kwa kuwa hakutaka mtu ajue, alianza kuandika. Nyuma ya daftari la chanjo aliweka orodha. Kwa seremala: ngazi ya mlango. Kisimani: ukingo wa zege. Kwa mama wa kuku weupe: gogo. Kwa mwalimu mstaafu: hakuna kitu, pita. Mwezi wa pili alikuwa hazunguki tena kwa kufuata mifugo ilipo, anazunguka kwa kufuata mawe yalipo. Mwalimu mstaafu alikaa wiki tano bila kutembelewa, akadhani amemkosea mtu.

Na wenye mbuzi walianza kuitwa wawalete mbuzi wao mpaka penye jiwe. Mzee mmoja alikuja na mbuzi kumi na mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, jasho linamtoka, akakaa chini, akauliza kwa utaratibu kabisa, "Kwani dawa za siku hizi hazifanyi kazi mbali na jiwe?"

Siri ya namna hiyo haifichiki. Siku moja Bwana Mifugo alifika kwa mwalimu mstaafu, maana ilibidi, akakuta mbele ya nyumba pamewekwa stuli. Hakuna aliyesema neno juu yake. Alichanja kuku, akanywa chai, akapanda juu ya stuli, akapanda Ngamia, akaaga. Wiki iliyofuata pakawa na tofali mbili kwa jirani, na kwa jirani wa jirani ndoo iliyopinduliwa. Mwezi haujakwisha kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kumpandishia Bwana Mifugo, na wanawake wakashindana kidogo kidogo. Mmoja aliipaka ndoo yake rangi ya bluu.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Fundi Spana, aliyemtengenezea Mbuzi tangu mwanzo, akamwomba kwa faragha apunguze kiti. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, kichwa chake siku zote kiko karibu na injini kama anasikiliza maungamo. Akatoa sponji, akalikata, mke wa Bwana Mifugo akashona kasha jipya. Walipata inchi moja. Chini ya hapo palikuwa chuma, na kiti kikawa kigumu kama benchi la kusubiria.

"Ndiyo mwisho wake?" aliuliza Bwana Mifugo.

"Ndiyo mwisho." Fundi alifuta mikono. "Si pikipiki mbaya, mzee. Nzuri sana. Lakini hii imetengenezewa mtu wa kwenda mbali. Wewe ni mtu wa kwenda ndani."

Bwana Mifugo akamkumbusha habari ya mto, maji, milima. Fundi akafikiri. Akasema kwamba yule wa kwenye picha amevuka mto, ndiyo, lakini hatukumwona alivyoingia wala hatukuambiwa wangapi walikuwa ng'ambo wanamsubiri.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja pembeni ya cherehani, akashika tama. Mkewe alikuwa anapinda pindo. Baada ya muda Bwana Mifugo akasema, kama anayeongea na ukuta, kwamba bado wiki tatu afikishe fomu, na kwamba mtu aliyeandika barua saba hawezi kukata Ndiyo.

"Kwa nini hawezi?"

"Wataniona mjinga."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Watu wamekuwekea ndoo, baba watoto," alisema. "Hapo bado hawajakuona?"

Lakini hakubadilika. Aliamua atakata Hapana, Ndiyo ibaki. Vituo vingine vitano vipate Ngamia wao, Mbuzi aende mnadani, na yeye aheshimiwe mpaka astaafu. Aliamua hivyo Jumatatu. Jumatano ikaja habari ya kideri.

Kideri ni ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima kwa siku tatu, asubuhi unakuta wamepinda shingo. Ulikuwa umeonekana bondeni, na juu ya bonde kulikuwa na kijiji cha mgongoni mwa mlima, nyumba sitini, ambako watu wengi hawakuwa na kitu kingine cha kuuza ada ya shule ikifika isipokuwa kuku. Chanjo yake ni tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja, na ni lazima ifike baridi. Tena kuku ni lazima wawe bado wamefungiwa. Kuku akishafunguliwa asubuhi, humkamati mpaka jioni. Kwa hiyo ilipangwa kwamba kesho yake kijiji kizima kisifungue mabanda, na Bwana Mifugo afike kabla ya saa nne. Mkuu alisisitiza chombo kipya ndicho kitumike. Hii, alisema, ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye zile barua.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Aliondoka saa moja asubuhi kutoka ngazi ya tatu, boksi la chanjo na barafu yake ndani ya sanduku la kulia, na kwenye changarawe alikwenda kama kalenda. Saa mbili na nusu akawa chini ya mlima. Akashika njia ya kupanda. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa kwa shida. Ya tatu, mahali pa nyasi fupi palipoinama upande mmoja, Ngamia akalala.

Wanaume wanne walikuwa wanashuka na majembe. Walikuwa na haraka, lakini walimwinua Ngamia, wakamsimamisha vizuri kwenye stendi, wakaaga, wakaenda zao. Bwana Mifugo akawashukuru, akageuka, akatazama huku na huku. Injini ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwepo. Njia ya kuzunguka kwenye nyasi ilionekana kupitika. Palikosekana kitu kimoja tu. Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na kisiki, wala gogo, wala kichuguu. Ulikuwa uwanja wa nyasi safi, mahali ambapo mtu yeyote mwingine angesema ni pazuri.

Alijaribu kupanda kwa kukimbia, akagonga goti. Akajaribu kupitia kwenye kikanyagio, Ngamia akayumba, akamwacha. Akajaribu kuchimba shimo kwa kisigino upande wa chini ili tairi ziingie, akaona aibu, akaacha. Saa ilikuwa tatu na robo. Kutoka juu mlimani alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika kazi yake yote: kuku wa nyumba sitini, waliofungiwa kupita muda wao, wanalalamika kwa pamoja.

Ndipo macho yake yakatua kwenye boksi la chanjo. Lilikuwa gumu, la pembe nne, kimo chake kama stuli ya mwalimu. Akalitoa kwenye sanduku. Akaliweka chini. Akaweka mguu mmoja juu ya kifuniko, kwanza kidogo, kisha zaidi, na kifuniko kikatoa mlio mdogo, krii, kama mtu anayeuliza kama una uhakika.

"Naona umeleta kitu cha kukalia," sauti ilisema nyuma yake, "lakini hukai."

Alikuwa bibi mmoja wa kule mgongoni, mwanamke wa miaka sabini na ushee, mwembamba, amefunga kanga kiunoni na mikononi ana jembe. Watu walikuwa wamemtuma aje aangalie kama dawa iko njiani, maana yeye ndiye anayetembea upesi. Bwana Mifugo alitoa mguu kwenye boksi haraka. Akamwamkia. Bibi akaitikia, akamtazama yeye, akamtazama Ngamia, akapima kwa jicho umbali kati ya kiti na mguu, na akaelewa mambo yote bila kuelezwa. Kisha akaweka jembe chini. Akaja mpaka ubavuni kwa Ngamia, akashika magoti yake mawili, akainama.

"Panda mgongoni, mwanangu," alisema. "Kuku wanasubiri."

Bwana Mifugo alisimama pale. Kilo hamsini na nane, pamoja na viatu. Mgongo ule ulikuwa mwembamba kuliko kiti kilichokatwa sponji. Na Bibi hakuwa anatania. Alikuwa ameinama kweli, anangoja, kama mtu anayengoja kutwishwa kuni. Miaka saba ya barua ikampita mbele ya macho, kila moja na heshima yake na taadhima yake, na mwisho wake ndio huu.

"Inuka, bibi yangu," alisema. "Tunakwenda kwa miguu."

Akaweka boksi kichwani. Bibi akatangulia. Kwa miguu, kupitia njia ya mkato ambayo hata Mbuzi angeikubali, ilikuwa nusu saa tu, na katika nusu saa hiyo Bibi alimweleza habari za nyumba zote sitini na kuku wao, nani jogoo wake anadonoa watu, nani anaficha majike ya kutaga asidaiwe mayai na wifi. Walifika saa nne kasoro dakika tano. Barafu ilikuwa imebaki vipande. Alianza nyumba ya kwanza, tone moja jichoni, mwingine, tone moja jichoni, mwingine, watoto wakimkamatia, mpaka jua likawa la alasiri na kipande cha mwisho cha barafu kikawa na ukubwa wa kidole gumba. Katika kijiji cha mgongoni hakuna kuku aliyepinda shingo msimu ule. Bondeni walikufa wengi.

Ngamia alibaki mlimani siku nne, maana mvua iliendelea. Siku ya tano Mkuu mwenyewe alikuja na watu sita na kamba. Gari liliwaacha chini, akapanda kwa miguu na viatu vyake vya ofisini, na kiatu cha kushoto kikabaki kwenye udongo wa kona ya pili. Akafika kwenye nyasi akiwa na soksi moja nyeupe na moja nyekundu. Ngamia alikuwa amesimama vilevile, mdomo juu, mzuri, na jike moja la Bibi lilikuwa limeingia kwenye sanduku la kulia lililoachwa wazi, limeatamia. Lilimtazama Mkuu kwa jicho lile la kuku anayeulizwa maswali nyumbani kwake.

Kumshusha kulichukua saa tatu. Mkuu alishika usukani upande mmoja, akayumbishwa, akaangushwa mara mbili, na hakusema neno chombo hata mara moja. Walipofika barabarani, akiwa amekaa kwenye changarawe anapumua, alimuuliza Bwana Mifugo fomu iko wapi.

"Nyumbani. Nitaileta kesho."

Alasiri ile Bwana Mifugo aliitandaza fomu juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Je, chombo kinafaa? Ndiyo. Hapana. Alishika kalamu mpaka wino ukakauka nchani. Kukata Ndiyo kulikuwa sawa na kuchana barua zake saba mbele ya watu. Tena kungekuwa uongo kidogo, maana ile changarawe, ile raha, ilikuwa kweli. Kukata Hapana kulikuwa kumwinamisha yule bibi mara tano zaidi, katika vituo vitano, kwenye milima asiyoijua. Mwishoni hakukata kitu. Akageuza karatasi, na mgongoni mwake, pasipo na mistari, akaandika kwa herufi za kusomeka:

"Mimi ndiye niliyeiomba. Niliiomba kwa kuangalia picha. Pikipiki hii ni nzuri sana kwa mtu anayekwenda mbali juu ya changarawe, mwenye mguu wa ndani usiopungua inchi thelathini na tatu. Haifai kwa njia ya miguu, haifai kwa udongo mwekundu siku ya mvua, wala haifai mahali pasipo na jiwe. Ikianguka huinuliwa na watu wanne, na mimi hutembea peke yangu. Njia zetu hazikuulizwa. Sanduku la kulia linafaa kutagia. Naomba Mbuzi asiuzwe."

Mkewe alisoma begani kwake, huku akikanyaga cherehani taratibu bila kushona kitu. Akachukua kalamu, na pembeni ya inchi thelathini na tatu akaandika kwa mkono wake: "Imepimwa." Akarudisha kalamu.

Mkuu aliisoma fomu ile kwa mlango uliofungwa, na waliokuwa nje wanasema walisikia kicheko kimoja. Vituo vitano viliombewa pikipiki ndogo. Ngamia alipewa Mkuu mwenyewe, mwenye mguu wa inchi thelathini na tano, anayekwenda makao makuu kila mwezi kwa barabara kubwa, na mpaka leo wanapendana. Kalenda alihamishia ofisini kwake. Karatasi ya mnada ilifunguliwa kwenye usukani wa Mbuzi, na Mbuzi, baada ya kutolewa plagi na kufutwa kwa pindo la shati, alilalamika kidogo akawaka.

Sasa kilichomshangaza Bwana Mifugo ni malalamiko. Wiki ya kwanza alirudi kupita kama zamani, anashuka popote, anachanja, anapanda, anakwenda bila kukaa wala kunywa chai, nyumba ishirini kwa siku. Wiki ya pili mwalimu mstaafu akamsimamisha mbele ya nyumba yake. Akamuuliza kama kuna ubaya wowote umepita. Stuli iko pale, alisema, hakuna aliyeiondoa. Na yule mwenye ndoo ya bluu alikwishawaambia majirani kwamba Bwana Mifugo tangu ashuke kwenye pikipiki ya wakubwa ndipo ameanza majivuno.

Bwana Mifugo akaitazama ile stuli. Miguu yake ilikuwa imeanza kuzama udongoni, kama kitu kilichokwishakuwa cha mahali pale. Akamzima Mbuzi, akamwegemeza kwenye ukuta, akaja akakaa juu ya stuli. Miguu yake yote miwili ilifika chini.

"Haya, mwalimu," alisema. "Kuku wanasemaje?"